Bawa la Nyuma Lina Deni Mbele

Oktoba 1969, katika uwanja wa mbio wa Österreichring nchini Austria, gari aina ya Porsche 917 lilirudi kutoka mzunguko wa majaribio likiwa limejaa wadudu. Walikuwa wamepondeka kwenye pua, kwenye kioo cha mbele na juu ya bodi. Mhandisi Mwingereza John Horsman alilizunguka gari, akafika nyuma, akasimama. Mkia ulikuwa safi. Hapakuwa na wadudu kwenye spoila ndogo zilizowekwa pale makusudi ili kuikandamiza sehemu ya nyuma.

Kama wadudu hawakufika, hewa nayo haikufika. Spoila zile zilikuwa pambo.

Gari hilo lilikuwa limewatoa madereva jasho mwaka mzima. Lilikuwa na injini ya silinda 12 na mbio za kupita kilomita 300 kwa saa, lakini likifika huko mkia ulianza kutangatanga barabarani. Juni mwaka huohuo dereva John Woolfe alifariki dunia akiwa ndani ya 917 katika mzunguko wa kwanza kabisa wa mbio za saa 24 za Le Mans. Pale Austria, Horsman na mafundi walichukua mabati ya alumini, wakayakata na kuyaunga papo hapo, wakalitengenezea gari mkia mfupi unaopanda kuelekea nyuma. Madereva walilirudisha njiani na kukuta ni gari jingine. Umbo hilo ndilo lililozaa 917K, gari lililoipatia Porsche ushindi wake wa kwanza wa jumla Le Mans mwaka 1970, mikononi mwa Hans Herrmann na Richard Attwood. Mwaka uliofuata lilirudia.

Kisa hiki kinapendwa kwa sababu ya wale wadudu, na ni haki yake. Lakini kina fundisho ambalo wengi wanaofunga mabawa kwenye magari hulipita bila kuliona. Kifaa cha nyuma kinaweza kuwa kikubwa, kizuri na cha bei mbaya, kisifanye lolote kwa sababu kimekaa mahali pasipo na hewa. Na kikikaa mahali pazuri, kikafanya kazi yake barabara, kinaanza kudai kitu kutoka upande wa pili wa gari.

Kazi iko chini ya bawa

Bawa la gari ni bawa la ndege lililopinduliwa. Hewa inayopita chini yake hukimbia kuliko inayopita juu, shinikizo la chini linapungua, na bawa linavutwa kuelekea barabarani. Nguvu hiyo ndiyo mgandamizo. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na uso wa chini. Ndiyo sababu magari mengi ya mbio ya siku hizi, na hata Porsche 911 GT3 ya barabarani iliyotoka mwaka 2021, yana bawa linaloning’inia kwenye nguzo zilizopinda na kulishika kwa juu. Nguzo zikilishika kwa chini huivuruga hewa mahali hasa inapotakiwa itulie.

Spoila ni kitu kingine, ingawa mitaani majina haya mawili huchanganywa. Spoila hukaa juu ya bodi yenyewe na hewa haipiti chini yake. Kazi yake ni kuizuia hewa isishuke kwa ulaini na mgongo wa gari, maana ikishuka hivyo huunyanyua mkia.

Kimo cha bawa nacho si suala la urembo. Nyuma ya paa hewa huwa imevurugika, na bawa lililolala karibu na buti hupokea mabaki. Likipandishwa linakutana na hewa safi. Hata huko juu, hewa haiji kwa namna moja. Katikati ya bawa, nyuma ya kioo, inakuja ikiteremka kutoka kwenye paa, ilhali kwenye ncha mbili za pembeni inakuja karibu na usawa. Kwa hiyo bawa lililonyooka toka ncha hadi ncha linakuwa na pembe kali zaidi katikati kuliko pembeni, na mabawa mengine hupindwa kwa makusudi ili kurekebisha tofauti hiyo.

Pembe ina mwisho wake. Kwa bawa la kipande kimoja, ukipita nyuzi 15 hivi, hewa ya chini hujibandua, mgandamizo unaporomoka na ukinzani wa hewa unapanda. Mwenye gari anaona bawa limesimama kwa ukali akadhani linafanya kazi zaidi, kumbe linavuta breki tu.

Halafu kuna kasi. Nguvu ya hewa huongezeka kwa mraba: kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Bawa la wastani lenye urefu wa mita 1.4 na upana wa sentimita 22, likiwa kwenye hewa safi, hutoa takriban kilo 14 za mgandamizo kwa kilomita 100 kwa saa. Kwa kilomita 200 linatoa kilo 56. Kwa kilomita 60 hubaki kilo 5.

Hesabu ya mkokoteni

Aliyewahi kusukuma mkokoteni anajua kinachotokea mzigo ukipangwa nyuma ya ekseli: mishikio inanyanyuka. Bawa la nyuma la gari mara nyingi husimama nyuma ya tairi za nyuma, na matokeo ni hayohayo.

Chukua gari lenye mita 2.5 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Bawa lake liko nusu mita nyuma ya ekseli ya nyuma, na kwa kasi fulani linakandamiza kwa kilo 100. Tairi za nyuma hazipokei kilo 100. Zinapokea 120, kwa sababu kilo 20 zimenyanyuliwa kutoka tairi za mbele. Hesabu haijaisha. Bawa hilo linazuiwa na hewa kwa, tuseme, kilo 20, na liko mita 1.25 kutoka ardhini. Nguvu hiyo, inayolisukuma gari kwa nyuma tena kwa juu, inahamisha kilo nyingine 10. Mwisho wa yote, nyuma imeongezeka kilo 130 na mbele imepungua kilo 30.

Kila kilo ya mbele iliyopotea ni sehemu ya mshiko wa tairi zinazogeuza gari. Dereva anakata usukani, pua inasita, gari linakwenda mbele badala ya kuingia kona. Ukilisogeza bawa nyuma zaidi na kulipandisha zaidi, unaipa nyuma nguvu na kuongeza deni mbele.

Ndipo linapoingia suala la mizani. Tuseme gari limebeba asilimia 40 ya uzito wake mbele, na kwa kilomita 250 kwa saa hewa inalikandamiza kwa kilo 200, yaani 80 mbele na 120 nyuma. Mgawanyo wa hewa unalingana na mgawanyo wa uzito, kwa hiyo gari linalogeuka vizuri kwa mwendo wa taratibu litageuka kwa tabia hiyohiyo kwa mwendo wa kasi. Sasa fundi anasimamisha bawa zaidi, analiongezea kilo 50. Kwa vipimo vyetu vya hapo juu, nyuma inakuwa 185 na mbele inabaki 65. Mgandamizo wa jumla umepanda hadi kilo 250, lakini sehemu ya mbele imeshuka kutoka asilimia 40 hadi 26. Kwenye karatasi gari limeboreshwa. Kwenye kona ya kasi, limegeuka kaidi.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Mbele ikikandamizwa kupita nyuma, gari linakuwa jepesi mkiani kadiri mwendo unavyopanda, na dereva anagundua hivyo mahali pabaya kabisa pa kugundulia. Kwa sababu hiyo wahandisi hupendelea asilimia ya hewa ya mbele ikaribiane na asilimia ya uzito wa mbele, ikipungukiwa kidogo. Gari la namna hiyo hutulia zaidi linapokimbia zaidi.

Waliolijua deni mapema

Mwaka 1956 mhandisi kijana wa Uswisi, Michael May, alikwenda kwenye mbio za kilomita 1,000 za Nürburgring na Porsche 550 iliyobeba bawa kubwa. Hakuliweka nyuma. Alilisimamisha juu ya kiti cha dereva, karibu na kitovu cha uzito wa gari, ili tairi zote nne zigawane mgandamizo. Wasimamizi waliamuru liondolewe, na wazo hilo likalala kwa miaka kumi.

Lilipoamka, lilikuwa Texas. Jim Hall, dereva na mhandisi mwenye karakana huko Midland, alileta Chaparral 2E kwenye mashindano ya Can-Am ya mwaka 1966 likiwa na bawa lililosimama juu ya kichwa cha dereva, nyuma kabisa. Nguzo zake hazikufungwa kwenye bodi. Zilifungwa moja kwa moja kwenye vishikio vya magurudumu ya nyuma, hivyo mgandamizo ulikwenda kwenye tairi bila kuzikandamiza springi. Gari halikuhitaji klachi ya mguu, kwa hiyo mguu wa kushoto wa dereva ulikuwa huru kukanyaga pedeli nyingine: akiikanyaga kwenye njia iliyonyooka, bawa linalala na ukinzani unapungua, akiiachia kabla ya kona, bawa linasimama.

Watu walipiga picha za bawa. Ujanja mkubwa ulikuwa kwenye pua. Hall alizitoa rejeta mbele na kuziweka ubavuni, akaacha njia ya hewa puani iliyokandamiza mbele. Njia hiyo ilikuwa na mlango uliounganishwa na pedeli ileile. Bawa likilala, mbele nako kunapunguzwa. Likisimama, mbele kunarudishwa. Nyuma haikuachwa ibadilike peke yake. Oktoba mwaka huo, kule Laguna Seca, California, dereva mwenzake Phil Hill alishinda na Hall mwenyewe akawa wa pili.

Wengine walinakili bawa. Kufikia mwaka 1969 magari ya Formula One yalikuwa na mabawa marefu juu ya nguzo nyembamba, na tarehe 4 Mei, kwenye mitaa ya Montjuïc mjini Barcelona, deni jingine likalipwa. Bawa la nyuma la Lotus ya Graham Hill lilivunjika gari lilipokuwa likipita kwenye mwinuko. Mizunguko kadhaa baadaye la mwenzake Jochen Rindt lilivunjika eneo lilelile, na gari lake likagonga mabaki ya lile la kwanza. Hill alitoka mzima, Rindt alijeruhiwa usoni. Wiki mbili baadaye, Monaco, mabawa ya juu yalipigwa marufuku.

Pua ikinyanyuka

Miaka 30 baada ya Montjuïc, Mercedes ilionyesha dunia nini hutokea mbele inapokosa mgandamizo kabisa. Gari lake la CLR, lililopelekwa Le Mans mwaka 1999, lilikuwa limechongoka na refu kwa pua na mkia, ilhali umbali kati ya ekseli zake ulikuwa mfupi. Kwa umbo hilo, pua ikipanda kidogo tu, mgandamizo wa mbele ulishuka upesi. Likikaribia gari jingine kwa nyuma linakosa hewa safi puani. Likiwa juu ya mwinuko, pua inazidi kupanda. Hewa inaingia chini ya sakafu pana, na kutoka hapo bawa la nyuma linakuwa mshiriki wa ajali, kwa kuwa linausukuma mkia chini na kuisaidia pua kupanda.

Mark Webber alipaa nalo siku ya Alhamisi wakati wa mazoezi, akapaa tena Jumamosi asubuhi. Mercedes iliongeza vibawa vidogo mbele ili kuishika pua, magari mawili yaliyobaki yakaingia kwenye mbio. Jioni gari la Peter Dumbreck lilinyanyuka, likajipindua hewani, likavuka uzio na kuangukia miongoni mwa miti. Madereva wote wawili walipona. Gari la mwisho liliitwa ndani, na CLR halikushindana tena.

Barabarani nako

Mtu anaweza kusema haya ni ya viwanja vya mbio. Porsche 911 ya kawaida ya miaka ya 1960 inakataa. Mgongo wake unateremka kwa upole toka paani hadi bampa, hewa inaufuata na kuunyanyua mkia. Kwa Carrera RS 2.7 ya mwaka 1972, kikundi cha wahandisi, akiwemo Tilman Brodbeck, kiliongeza spoila iliyochongwa kwenye kifuniko cha injini, ile inayofahamika kwa jina la mkia wa bata. Ilipunguza kunyanyuka kwa mkia na, jambo lisilo la kawaida, ikaongeza mwendo wa juu kabisa kwa kilomita 4.5 kwa saa. Porsche ilipanga kutengeneza magari 500, yakauzwa yote haraka, na jumla ikafika 1,580. Wakongwe wa Safari Rally wanaikumbuka Carrera RS kwa sababu nyingine: ndiyo aliyokuja nayo Björn Waldegård wa Uswidi mwaka 1974, akamaliza wa pili nyuma ya Lancer ya Mkenya Joginder Singh.

Audi ilijifunza kwa njia ngumu zaidi. Gari lake la TT la mwaka 1998 lilisifiwa kwa mgongo wake wa mviringo usio na spoila. Kwenye barabara kuu za Ujerumani zikatokea ajali za vifo, madereva wakipoteza mkia kwa mwendo wa kasi walipobadili njia ghafla au kuachia mafuta kwenye kona. Kampuni iliyarudisha magari karakana, ikayafunga spoila ndogo kwenye buti, ikarekebisha mfumo wa springi na shokapu, na ikaweka udhibiti wa kielektroniki wa kulituliza gari. Spoila ile haizidi kimo cha vidole vichache. Ilitosha, kwa kuwa ilikaa mahali pake na haikuachiwa kazi peke yake.

Mbele na nyuma kwa pamoja

Gari la kutazamwa na yeyote anayetaka kuona suala hili limefikia wapi ni Porsche 911 GT3 RS ya mwaka 2022. Bawa lake limepita kimo cha paa, jambo ambalo halikuwahi kuonekana kwenye Porsche ya barabarani. Kwa takwimu za kampuni, gari hukandamizwa kwa kilo 409 likiwa kwenye kilomita 200 kwa saa, na kwa kilo 860 kwenye 285. Sehemu ya juu ya bawa hulala yenyewe kwenye njia iliyonyooka na kusimama dereva anapokanyaga breki kwa nguvu.

Lakini bawa la namna hiyo kwenye gari lenye injini nyuma lingeifanya pua iwe karatasi, kama pua isingepewa chake. Ndiyo maana wahandisi walilitoa kafara buti la mbele. Waliweka hapo rejeta moja kubwa iliyolala, na nafasi ya rejeta za pembeni ikapewa vibawa vinavyojiendesha, vinavyosogea sambamba na bawa la nyuma. Nyuma ikilala, mbele inalala. Nyuma ikisimama, mbele inasimama. Ni mpango uleule wa Jim Hall, hata kwenye kuhamisha rejeta ili kuipatia hewa njia, ila sasa kompyuta imechukua kazi ya mguu wa kushoto.

Kwa mwenye Subaru mtaani

Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zimejaa Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, magari ambayo mabawa yake yanatokana na mashindano. Tommi Mäkinen alishinda Safari mwaka 1996 kwa Lancer, Colin McRae akashinda mwaka uliofuata kwa Impreza. Bawa la kiwandani kwenye magari hayo lilipimwa pamoja na bampa la mbele, springi na tairi zake. Tatizo linaanza pale mtu anapong’oa lile na kuweka jingine kubwa la kununua dukani, au anapolifunga kwenye gari dogo linalovutwa na tairi za mbele.

Gari la kuvuta mbele linategemea tairi za mbele kwa kuvuta, kugeuza na sehemu kubwa ya kufunga breki. Kulipunguzia uzito hapo ni kulinyang’anya chakula. Habari njema ni kwamba kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo wa mjini, bawa lile letu la mita 1.4 linatoa chini ya kilo 4, chini ya uzito wa mfuko wa unga wa kilo tano. Halina faida wala hasara ya maana, zaidi ya kuziba kioo cha nyuma. Habari mbaya ni kwamba madhara yake hujitokeza usiku barabara ikiwa tupu, mwendo ukiwa umepanda, na dereva akiwa hajawahi kulijaribu gari lake katika hali hiyo.

Kwa anayekimbiza gari kwenye uwanja rasmi, utaratibu uko wazi. Anza na tairi na springi mpaka gari ligeuke vizuri kwa mwendo wa taratibu. Funga kidevu cha mbele, yaani bamba la chini ya bampa linalokandamiza pua, kabla au pamoja na bawa la nyuma, si baada yake. Hakikisha nguzo za bawa zimeshikwa na kitu kigumu, maana bati la buti halikuundwa kubeba kilo 50 zinazopigapiga. Anza na pembe ndogo, ongeza nyuzi moja moja, na kila mara linganisha tabia ya gari kwenye kona ya taratibu na kwenye kona ya kasi. Likigeuka vizuri kwenye ya taratibu na kukataa kwenye ya kasi, bawa limezidi. Likitulia kwenye ya taratibu na kutikisa mkia kwenye ya kasi, mbele imezidi.

Na kwa yule ambaye gari lake haliondoki barabara za mjini na ana fedha ya kitu kimoja tu, ushauri ni mfupi: nunua tairi nzuri nne. Bawa litasubiri.